Mlango wa Kijani

Chema chajiuza, alikuwa akisema mama,
na mama hakuwahi kuishi Mabela,
ambako kila dirisha limefungwa kwa ajili ya kiyoyozi
na harufu ya iliki, hata iwe nzuri vipi,
inaishia kwenye pazia langu mwenyewe.

Mwezi wa kwanza niliuza mikate mitatu ya kumimina.
Miwili alinunua dada yangu.
Wa tatu nilijiuzia, nikauandika kwenye daftari
ili ukurasa usione haya.

Akaja Muzna, binti wa kaka, na simu yake.
Akauzungushia mkate mawaridi ya plastiki,
akapiga picha kumi na nane,
akaupa jina: Ladha za Kifalme.
Nikamuuliza, mfalme yupi aliyepata kuroweka mchele?
Akacheka, akazirusha picha kwenye makundi yote ya wasapu.
Watu wakatuma mioyo.
Mioyo mingi, myekundu.
Duka la mchele hawapokei mioyo.

Nikajifunza joto: mwezi wa Julai
hamira haimngojei mtu.
Ukipokea simu ya mtani wako
utarudi ukute rojo limeshashuka mezani.

Nikajifunza udugu: Rukiya alichukua minne ya khitma,
akasema, "Tutahesabiana."
Mpaka leo tunaamkiana vizuri. Hatuhesabiani.
Sasa bei naitaja kabla salamu hazijapoa:
riyali moja na nusu, hata kwa ndugu.
Ndugu nampa kipande aonje.
Mzima anunue.

Nyuma yetu kuna dobi, Shaji, mtu wa Kerala,
anapiga pasi kanzu za mtaa mzima.
Siku moja mkate ulinivunjikia nikiugeuza.
Kuuza siwezi, kutupa namwogopa Mungu,
nikampelekea yeye.
Hakuumaliza. Aliukatakata vidogo vidogo
akaviweka pale wanapongojea wateja,
maana mtu anayengoja kanzu
mkono wake hauna kazi.
Wakamuuliza, kapika nani?
Kiarabu cha Shaji ni cha kola na vifungo:
"Mama. Mlango kijani."

Alhamisi ile kengele ililia mara sita.
Mmoja alisimama na kanzu begani, bado ina moto wa pasi,
akaniuliza kwa Kiswahili cha Kipemba,
"Ndiwe mlango wa kijani?"
Nikasema ndiye mimi.
Hakuna aliyewahi kuniuliza
kama mimi ndiye Ladha za Kifalme.

Tangu hapo kila Alhamisi mkate mmoja huenda kwa dobi,
na si uliovunjika.
Muzna anauita gharama ya matangazo,
mimi nauita haki ya mtu.
Daftarini unakaa mstari mmoja.

Na yuko mama wa Al-Khudhi, huyu sitomsahau,
nilimpa mkate uliochacha.
Hakulalamika. Nilijua kwa kimya chake,
wiki tatu bila hata "mambo vipi".
Nikapika mwingine, nikampelekea mwenyewe,
nikakaa ndani ya gari nje ya lango lake
kama mtoto aliyevunja gilasi ya wageni.
Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Kumbe," akasema, "nilidhani ndivyo unavyopikwa."
Angeyapeleka hayo kwenye harusi ngapi!

Jana mwenye nyumba kaja na mpaka rangi.
Milango yote iwe kahawia, anasema, mtaa upendeze.
Nikamkalisha. Nikamletea chai na kipande.
Nikamwambia, paka ukuta, paka lango la gari,
nipake hata mimi ukitaka,
lakini huu mlango una watu wake.
Akatafuna polepole, anautazama
pale chini ulipobabuka,
watoto wanapogonga kwa viatu
mikono ikiwa imebeba masinia.

"Kijani kipi?" akauliza.

Kile kile.